Kabla ya Kuulaumu Wino wa Zambarau

Swali: Mzee, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi. Dada yangu aliyeko Ujerumani ameniletea kalamu ya wino aina ya Lamy Safari yenye nibu (ncha ya chuma ya kuandikia) ya M, yaani ya unene wa wastani, pamoja na chupa tatu za wino: bluu, zambarau, na kijani chenye chembe zinazometameta. Nilianza na zambarau kwa sababu ndiyo iliyonivutia. Kwenye daftari herufi zinanenepa na wino unapenya hadi upande wa pili. Baada ya wiki moja mwandiko ulianza kukatikakatika. Tena kila Ijumaa nikipanda nyumbani Marangu, nikifungua kalamu nakuta tone la wino ndani ya kifuniko. Je, mbovu ni wino au kalamu? Na nitazijaribuje rangi hizi bila kuiharibu kalamu yenyewe?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na nimefurahi kwamba umeeleza hali ilivyo badala ya kusema tu kwamba kalamu imeharibika, kama wanavyofanya wengi wanaoniletea kalamu zao hapa Arusha. Kwa maelezo hayo naweza kukuambia kwamba sijaona dalili yoyote ya ubovu wa kalamu, na wino wako pia siwezi kuuhukumu bado, kwa sababu haujajaribiwa kwa haki. Umeutia katika kalamu mpya ambayo hukuiosha, ukauandikia kwenye karatasi ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake, kisha ukaupandisha mlima. Kila jambo kati ya hayo lina athari yake, na yote yakija pamoja, anayelaumiwa ni yule anayeonekana kwa macho, yaani wino.

Kwanza tuelewane jinsi kalamu hii inavyofanya kazi, maana mengine yote yanatoka hapo. Peni ya kawaida ina wino mzito wa mafuta, na kijipira kilichopo nchani huuburuta wino huo juu ya karatasi kwa nguvu ya mkono wako. Kalamu ya wino haihitaji nguvu hiyo. Ukiitazama nibu kwa kioo cha kukuzia utaona mpasuo mwembamba kama unywele unaoanzia kwenye tundu na kuishia nchani, na chini yake utaona kipande cha plastiki cheusi chenye mifereji, ambacho mimi hukiita ulimi. Wino hutambaa katika mfereji wa ulimi na katika mpasuo kwa namna ileile mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, nao hutoka pale tu ncha inapogusa karatasi na karatasi ikauvuta. Lakini wino ukitoka, lazima hewa iingie mahali pake, la sivyo mtiririko husimama. Jambo hilo la hewa kuingia kwa kipimo wakati wino unatoka ndilo ambalo Lewis Waterman wa New York alilipatia hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, mwaka 1884, na ndilo lililofanya kalamu ya wino ibebeke mfukoni bila kuhatarisha shati. Kwa hiyo kumbuka, Mwalimu, kwamba anayevuta wino ni karatasi. Kalamu hutoa kile inachoombwa.

Sasa tuje kwenye daftari lako, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ulipo uzito wa jibu langu. Karatasi ni nyuzi za mimea zilizoshikamana, na zikiachwa hivyo hivyo hunywa maji kama pamba. Ili iweze kuandikiwa kwa wino, kiwanda huitia kiungo cha kupunguza unywaji huo, ambacho kwa karne nyingi kilikuwa gundi ya wanyama au wanga na leo kuna aina za kikemikali. Madaftari mengi tunayonunua steshenari yametengenezwa kwa kuzingatia penseli na peni, ambazo hazijali sana kiungo hicho, hivyo hutiwa kidogo ili bei iwe nafuu. Wino wa maji ukigusa karatasi ya namna hiyo hukimbia kufuata nyuzi, herufi zikaota ndevu, na unaobaki ukashuka hadi upande wa pili. Wino wowote ungefanya hivyo kwenye daftari lile, ingawa wino mkavu kidogo, yaani unaotiririka kwa uchache, ungefanya kwa kiasi kidogo zaidi.

Usidhani kwamba dawa yake ni karatasi nene. Wajapani wana karatasi iitwayo Tomoe River ambayo toleo lake mashuhuri lina uzito wa gramu 52 tu kwa mita ya mraba, nyepesi kuliko karatasi ya kawaida ya kudurufia ya gramu 80, na bado wino hukaa juu yake ukitulia, rangi zikionekana zote, kwa sababu uso wake umetengenezwa vizuri. Kinyume chake nimekutana na kaunta buku zenye kurasa nene ambazo zilikunywa wino wangu kama mchanga. Ninachofanya mimi, na ninachokushauri ufanye, ni kwenda dukani na kalamu iliyojaa, kumwomba muuzaji kwa adabu karatasi moja ya kila rimu iliyokwisha kufunguliwa, na kuandika mstari mmoja juu ya kila karatasi, mbele na nyuma, kwa maana pande mbili za karatasi moja aghalabu hazifanani. Muuzaji atashangaa siku ya kwanza, na siku ya tatu atakuwa anakuwekea karatasi za kujaribu. Ukipata inayokubali, nunua kiasi unachoweza, kwa sababu rimu ijayo ya jina lilelile inaweza kutoka tofauti. Kama una fedha za kitu kimoja tu mwezi huu, nunua karatasi kabla ya chupa ya nne ya wino.

Liko jambo jingine la karatasi ambalo watu huliona kama ugonjwa wa kalamu. Mkono ukipita juu ya ukurasa kabla ya kuandika, huacha mafuta na jasho, hasa katika joto la Moshi la Januari na Februari, na wino wa maji hukataa kushika mahali pale. Ndiyo maana mwandiko huwa mzuri juu ya ukurasa na huanza kukatika ukifika theluthi ya chini. Weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja chako, ukisogeze kadiri unavyoshuka. Uchunguze hilo kabla ya yote katika ule mwandiko unaokatikakatika, ingawa kwa jinsi ulivyoeleza nashuku sababu mbili nyingine zaidi.

Ya kwanza ni kwamba kalamu haikuoshwa. Kalamu mpya hutoka kiwandani ikiwa na mabaki madogo ya mafuta ya mashine ndani ya mifereji, na maji hayashikani na mafuta. Ya pili ni mkono wa mwalimu. Wewe umesahihisha madaftari kwa peni miaka mingi na umezoea kukandamiza, na ukiikandamiza nibu, pande zake mbili za mpasuo hutanuka, mpasuo ukawa mpana kuliko wino unavyoweza kuujaza, na wino ukakatika. Ishike kalamu hiyo ikiwa imelala zaidi kuliko peni, iegemee mkononi, na uiache iteleze kwa uzito wake yenyewe. Aina hiyo ya Safari ilianza kuuzwa mwaka 1980 ikilengwa kwa wanafunzi wa Ujerumani, na zile pande bapa mbele, mahali pa kushikia, ziliwekwa makusudi ili vidole vikae panapostahili. Zifuate pande hizo.

Tone la Ijumaa limenivutia kuliko yote, kwa sababu ni jambo letu sisi tunaoishi chini ya mlima. Mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko juu Marangu, kwenye lango la Hifadhi ya Kilimanjaro, ni zaidi ya mita 1,800. Ukipanda kiasi hicho, kanieneo ya hewa hupungua, na hewa iliyofungiwa ndani ya kalamu hutanuka kwa kama asilimia 12. Sasa fikiri: ile pampu ndogo ya kunyonyea wino iliyo ndani ya kalamu haifiki hata mililita 1, na ifikapo Ijumaa umekwisha kutumia wino wa wiki nzima, kwa hiyo tuseme ndani yake mna nusu mililita ya hewa. Asilimia 12 ya nusu mililita ni mililita 0.06, na tone moja la maji ni kama mililita 0.05. Hilo ndilo tone lako, Mwalimu, karibu kwa kipimo chake kamili. Hewa imetanuka, haikupata njia nyingine, ikausukuma wino nje. Kama kwenu si karibu na lango, tone litakuwa dogo zaidi, lakini kanuni ni ileile. Joto nalo huchangia, kwa mfano kalamu ikikaa mfukoni karibu na mwili ndani ya Noah iliyojaa abiria.

Tiba yake ni nyepesi. Kabla ya kupanda, ama ijaze kalamu kabisa ili pasibaki hewa ya kutanuka, ama iache tupu, halafu isafirishe ikiwa imesimama na nibu ikitazama juu, ili hewa inayotanuka iwe karibu na nibu na itoke peke yake bila kusukuma wino. Usiitupe ikiwa imelala ndani ya mkoba. Ukifika, iache isimame dakika chache kabla ya kuifungua, kisha ifungue ukiwa na kipande cha shashi mkononi. Kanuni hiyohiyo ndiyo wanayoifuata wasafiri wa ndege.

Baada ya hayo, ndipo tunaweza kuzungumzia rangi kwa amani. Itoe zambarau yote, fungua kalamu, na uisukumie maji baridi kwa ile pampu, ukivuta na kusukuma mpaka maji yatoke meupe. Kisha rudia mara moja kwa maji yenye tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo, na umalizie kwa maji matupu mpaka sabuni iishe. Usitumie maji ya moto, na usitumie spiriti, kwa kuwa huharibu aina nyingi za plastiki. Suuza ya mwisho ifanywe kwa maji ya mvua yaliyo safi au maji ya kunywa ya chupa, kwa sababu maji ya bomba ya maeneo yetu mengi yana madini ya kutosha, kama unavyoona ndani ya birika lako, na madini hayo yakikaukia ndani ya mfereji mwembamba kama ule hayana faida. Wapo wanaoshauri maji ya betri. Mimi nakataza, kwa sababu kwenye maduka ya vipuri chupa zake hukaa jirani na za tindikali, na sitaki mtu akosee kwa sababu ya ushauri wangu. Mwishowe isimamishe kalamu ndani ya kikombe, nibu ikiwa chini juu ya shashi iliyokunjwa, ilale hivyo usiku kucha. Asubuhi utaona waridi na bluu zimetoka kwenye ulimi na kutambaa kwenye shashi, kila moja kivyake.

Usiitupe shashi hiyo kabla ya kuitazama vizuri, kwa sababu inakufundisha wino wako ulivyoundwa. Zambarau mara nyingi si rangi moja bali ni mchanganyiko wa rangi mbili au tatu zilizoyeyushwa ndani ya maji, na kila moja hutembea kwenye karatasi kwa mwendo wake. Ukitaka kuliona jambo hilo waziwazi, kata ukanda wa karatasi ya kuchujia kahawa, weka nukta ya wino sentimita 2 kutoka chini, chovya ncha ya ukanda ndani ya maji bila kuigusa nukta, na usubiri robo saa. Wanafunzi wako wa Kidato cha Kwanza watalipenda somo hilo, na wewe utajua kwa nini wino uleule huonekana mwekundu kidogo kwenye karatasi moja na wa bluu zaidi kwenye nyingine.

Ili kuzijaribu rangi huhitaji kuijaza kalamu kila mara. Mimina wino kidogo ndani ya kizibo cha soda kilichooshwa, chovya nibu safi mpaka tunduni, pangusa mgongo wake, na uandike. Mchovyo mmoja hutosha mistari mingi. Hata hivyo utambue kwamba kalamu iliyochovywa hutoa wino mwingi kuliko iliyojazwa, hivyo mistari ya kwanza itakuwa imekolea kupita kiasi. Hukumu rangi kwa mistari inayofuata, pale wino unapoanza kupungua. Wino uliobaki kiziboni usiurudishe chupani hata kama ni mwingi, kwa kuwa vumbi na nyuzi za karatasi zikiingia humo huleta ukungu, na chupa yenye ukungu haifai tena hata kwa kuonja. Kila rangi iandikie kwenye kipande chake cha karatasi, utaje jina la wino, karatasi na tarehe, kisha fanya majaribio matatu: pitisha kidole baada ya sekunde 5, 10, 20 na 30 kuona unakauka lini, dondoshea tone la maji juu ya neno moja, na funika nusu ya kipande hicho kwa kitabu, nusu nyingine iachwe dirishani penye jua kwa mwezi mzima. Jua letu halina huruma kwa rangi, na zambarau na waridi aghalabu hutangulia kufifia. Jaribio la kukauka ulirudie wakati wa masika, kwa sababu unyevu ukiwa mwingi hewani wino huchelewa kukauka.

Tone la maji likiufuta mwandiko, usiuone wino huo kuwa duni. Kule pwani, kombe, yaani aya za Qurani zinazonywewa kama dawa, huandikwa kwa zafarani iliyoyeyushwa katika maji ya waridi, na huandikwa hivyo kwa kusudi kwamba maandishi yaoshwe na kunyweka. Wino wa rangi uliotengenezwa kuyeyuka majini nao una faida hiyo ya kuoshwa: unatoka ndani ya kalamu kirahisi. Ndiyo sababu nakushauri uanze na ile bluu, uitumie wiki mbili mfululizo kwenye karatasi uliyoichagua mpaka uijue kalamu yako katika hali yake njema, kisha urudi kwenye zambarau. Kalamu ikibadilika tabia hapo, utajua kilichobadilika ni nini.

Kijani chenye kumetameta kiwe cha mwisho. Zile chembe haziyeyuki. Hutuama chini ya chupa, na ndani ya kalamu hutuama vilevile kwenye mifereji ya ulimi. Itikise chupa taratibu kabla ya kujaza, usijaze zaidi ya nusu, usiiache kalamu wiki nzima bila kuiandikia, na uoshe kila ukimaliza kiasi ulichojaza. Ni wino wa kadi za harusi na barua za sikukuu. Kwa kazi ya kila siku utakuchosha. Usichanganye chupa mbili kwa kubahatisha pia, kwa kuwa wino wa aina mbili unaweza kugandana. Ukitamani sana kuchanganya, fanya hivyo ndani ya kichupa cha kioo, ukiache siku nzima, na ukiona machicha chini, umwage.

Kuna wino ambao haupaswi kuingia ndani ya kalamu hii hata siku moja: wino wa mhuri, wino wa printa, na wino mweusi wa wachoraji unaotiwa gundi inayokauka isiyeyuke tena. Niliwahi kuletewa kalamu ya Hero, ile ya Kichina inayofanana na Parker 51, ambayo mwenyewe, karani mstaafu, alikuwa ameitia wino wa mhuri kwa kuwa wino wake ulimwishia. Niliiloweka siku sita nikibadilisha maji asubuhi na jioni. Nibu ilipona, lakini ulimi ulibaki umeziba katikati, na ilinibidi kuubadilisha kwa ulimi wa kalamu nyingine. Mzee yule alikuwa ameitumia zaidi ya miaka 30, na sitausahau uso wake alipoipokea ikiandika.

Jambo la mwisho linahusu kazi yako. Rejesta, ripoti za wanafunzi na hati yoyote inayopaswa kukaa, usiziandike kwa zambarau inayofutika kwa tone la mvua. Hata karatasi za mitihani ya Taifa huelekeza wino wa bluu au mweusi. Ukitaka wino wa kudumu kwa kalamu hii, tafuta ule wa chuma na tanini, ambao Diamine wa Liverpool, kampuni iliyoanza mwaka 1864, bado wanauuza kwa ajili ya waandikishaji wa ndoa na vizazi nchini Uingereza. Huandika kwa bluu na kugeuka mweusi ukipata hewa, kama chai ya rangi iliyokolea inavyogeuka nyeusi ukitumbukiza msumari wenye kutu. Una asidi kidogo, kwa hiyo usikae ndani ya kalamu zaidi ya wiki mbili bila kuoshwa. Kwa kusahihishia madaftari ya wanafunzi, ambayo tayari tumeona yanavyokunywa wino, endelea na peni yako nyekundu, na zambarau uiweke kwa andalio la somo, lililoandikwa kwenye karatasi ile uliyoijaribu wewe mwenyewe dukani. Ukishafanya majaribio hayo, nitumie picha ya kipande cha zambarau, nusu ya dirishani na nusu iliyofunikwa, pamoja na jina la karatasi iliyokukubali. Hapa Arusha ninayo chupa ya zambarau ambayo nitaianika siku hiyohiyo utakayoanza wewe.